Aliyemfungulia Karani Mlango

Karani wa sensa alikuwa ameshamaliza maswali ya maji na choo alipouliza, "Na yule dada aliyenifungulia mlango, jina lake nani?"

Fundi cherehani akaachia mkasi. Nyumba ile walikaa yeye na mumewe tu tangu waoane, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa kazini.

"Dada gani?"

"Mrefu, nywele mbichi kama katoka kuoga. Kasema yeye ni mke wa mwenye nyumba. Nikajua nyie ni wake wenza."

Wivu ukampanda mama wa watu hadi masikio yakawaka moto. Akapekua chumba kwa chumba, nyuma ya kila pazia, amkamate huyo mwizi wa waume amtoe kwa nywele. Hakuna mtu. Ila sakafuni nyayo za maji zilitoka bafuni zikaishia kitandani, upande wa mumewe, na mto ulinukia asumini.

Akarudi sebuleni. "Usimwandike!"

"Mama," karani akasema kwa upole, "ofisi ya takwimu haiulizi nani mke halali. Inauliza nani kalala humu usiku wa kuamkia leo, ili serikali ijue watu wake ni wangapi na wanahitaji nini. Alilala, hakulala?"

"Nililala," sauti ya kike ikajibu kutoka chumbani. "Niandike."

Karani akageukia chumbani. Kisha kidole chake, kama kimeshikwa na mtu mwingine, kikagusa neno "mke" kwenye kishikwambi. Akakwapua mkoba, akatoka mbio bila kuaga.

Mume aliporudi, mke alimbana kwa kunong'ona, maana aliogopa kusikiwa. Mume akasawajika.

"Ni jini. Alinipenda kabla yako. Mganga alimtoa, akaniambia hatanipata tena maadamu hakuna binadamu anayemtambua kuwa mke wangu."

"Na sasa imemtambua serikali nzima!"

"Tuhame, mke wangu. Sasa hivi."

"Nihame mimi? Nimwachie kitanda changu?"

Akakataa katakata. Akamlaza mume upande wa ukutani, yeye akajitupa katikati, taa inawaka, na wakakaa hivyo wakisikiliza maji yakidondoka ilhali bomba limefungwa, na mlango ukisukumwa polepole, na godoro likibonyea nyuma ya mgongo wake, likibonyea kwa uzito wa mtu mzima anayejinyoosha kwa raha mahali pake, na pumzi ya baridi ikimpuliza shingoni, mpaka mkono mwembamba ukapita juu ya bega lake, bila hata kumgusa, kana kwamba hayupo, ukamtafuta mumewe.

Mume, macho kayafumba, akaupokea. Akaukumbatia kifuani kama mtu aliyeungoja miaka yote.