Dawa ya Pamba Bustanini

"Baridi haiwezi kuua kuku wangu wote kwa mpigo, Apolonia. Niangalie usoni uniambie mmewalisha nini."

Mama Minza alikuwa amesimama upande wake wa ua wa minyaa, jogoo wake akining'inia mkononi, kichwa chini. Jina lake hasa ni Nyanjige, na hapo kijijini Kasoli hakuna asiyeijua sauti yake, maana akianza kusema kisimani husikika hadi kwenye ghala la pamba. Upande wa pili, Apolonia, mama yake Elina, alikuwa bado amejifunga kitenge cha msibani.

"Nimerudi jana jioni kutoka kwenye matanga Bukundi," alisema Apolonia. "Vumbi la huko bado liko miguuni. Kuku wako nimewalisha saa ngapi, mayu, mama yangu?"

"Hilo ndilo watu wanalojiuliza. Wewe umerudi jana, kuku wamekufa leo."

"Watu gani?"

"Watu."

Neno "watu" likishatajwa namna hiyo, kabla jua halijazama kila nyumba inakuwa na hadithi yake. Na hadithi ya mwanamke aliyerudi na kitu kibaya kutoka mbali haisahauliki upesi.

Elina, binti yake wa darasa la sita, alikuwa anafagia uwanja kama kila Jumamosi. Ila asubuhi ile ufagio ulipita palepale, palepale, mpaka ukachimba udongo. Tangu alipomwona jogoo yule, alijua kuku walikula nini.

Mwaka huo hali ya hewa ilikuwa imevurugika. Mvua zilinyesha hata baada ya pamba kupasuka, ikachafuka shambani. Kisha ikaja baridi ambayo hata vikongwe walisema hawajawahi kuiona. Ukungu ulilala bondeni mpaka saa nne, na watu walikwenda kuchuma pamba wamejitanda blanketi. Mboga za majani, hasa chainizi, zilistawi kwa ubaridi ule hadi wapita njia wakasimama kuzitazama.

"Bustani nakuachia wewe," Apolonia alimwambia Elina alipokuwa anaondoka kwenda msibani. "Ukikwama, kamuulize Mama Minza. Yule amelima mboga tangu sijaolewa."

Elina alitembea na maneno hayo kama mtu aliyepewa cheo. Shuleni alimtambia rafiki yake Minza mpaka Minza akamwita Bibi Shamba. Lakini siku moja alipogeuza jani la chainizi, alikuta wadudu weusi wamebanana chini yake kama ufuta uliomwagika. Majani yalikuwa yameanza kujikunja. Angekwenda kumuuliza Mama Minza, Minza angesikia, na darasa zima lingecheka.

Nyuma ya ghala lao la nyumbani, kwenye upenyo wa ukuta, palikuwa na chupa ya dawa ya pamba iliyobaki tangu msimu wa kupulizia. Baba yake, Masele, ambaye wiki hiyo alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni mbali, alikwisha kusema chupa ile isiguswe na mtoto. Elina akawaza kwamba dawa inayoua wadudu wa pamba haiwezi kushindwa na wa mboga. Bomba la kupulizia lilikuwa limefungiwa ndani. Akachanganya dawa kwenye ndoo, akavunja kitawi cha mwarobaini kilichojaa majani, akawa anakichovya na kunyunyizia tuta zima.

Kesho yake wadudu walikuwa wametapakaa chini, wamekufa. Elina alifurahi. Hakuona kuku wa jirani walipopenya chini ya minyaa na kuanza kudonoa.

"Sikiliza, Mama Minza," Apolonia alisema sasa, taratibu. "Kuku siwezi kuwafufua. Lakini sitaki ujirani wetu ufe pamoja nao."

Akaingia bustanini na kisu, akakata chainizi mpaka ikajaa ungo, akaupitisha juu ya ua. "Wapikie watoto na hao wachumaji wako wa pamba. Mengine tutayazungumza tukishatulia."

Nyanjige aliutazama ule ungo. Alitaka kukataa, lakini nyumba yake ilikuwa imejaa watu wa kulisha, na mboga ile iling'aa. Akaupokea.

Elina aliutazama ungo ukivuka ua. Angesema, mama yake aliyetoka kutukanwa angeaibika mara ya pili. Akaendelea kufagia. Moshi ukaanza kupanda jikoni kwa jirani. Kisu kikasikika kikikatakata, nao wachumaji wakicheka wanasubiri chakula.

Minza akaja mbio kuazima chumvi. "Bibi Shamba, leo nakuvulia kofia. Mboga haina hata tundu moja la mdudu. Mdogo wangu Shija ameng'ang'ania shina moja, tukimnyang'anya analia."

Ufagio ukamtoka Elina mikononi.

Alipita katikati ya minyaa, matawi yakimchana mikono. Shija alikuwa ameketi kizingitini mwa jiko, shina mdomoni, mate ya kijani yakimtiririka kidevuni. Elina alimpokonya akalitupa mbali.

"Msile," alisema. "Ina sumu. Nimeinyunyizia dawa ya pamba. Kuku nimewaua mimi, si mama."

Nyanjige aliuweka chini mwiko wake, akamwinua mtoto, akamsafisha mdomo kwa kidole na maji. "Leteni maziwa," alisema.

"Usimpe maziwa wala usimtapishe," alisema Apolonia, aliyefika nyuma ya binti yake anahema. "Twende zahanati. Elina, ilete ile chupa. Ifunge kwenye mfuko, usiishike mikono mitupu."

Njia ya zahanati siku ile ilikuwa ndefu. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na mbele yao kitenge cha Nyanjige kilionekana na kupotea. Shija, mtoto asiyenyamaza, hakutoa sauti. Elina alikimbia na ile chupa akitamani kumsikia akilia tu, hata mara moja.

Tabibu aliisoma chupa kwanza, ndipo akamshika mtoto. "Bila hii ningekuwa nabahatisha," alisema. "Nani ameileta?" Wote walimtazama Elina, naye akatazama sakafu.

Walikaa kwenye benchi mpaka mchana, Elina akiwasimulia jinsi alivyochovya kitawi cha mwarobaini kwenye ndoo ya dawa. Mwishowe Shija alilia, kilio kikubwa cha njaa, na Nyanjige akajifunika uso kwa kitenge chake.

Tabibu aliwaruhusu, akisema mtoto alikuwa amemeza kidogo sana, na aletwe tena akibadilika hata kidogo. Waliporudi, walimwaga mboga yote, ya sufuriani na ya tutani, ndani ya shimo lililochimbwa mbali na kisima, pamoja na kuku. Apolonia alimwambia binti yake, "Chupa ile niliiacha mahali unapoweza kuifikia. Hilo ni kosa langu, na nitamwambia baba yako. Lakini ulipoona ungo unavuka ua ukanyamaza, hilo ni lako."

"Najua, mama."

"Ulishika mwarobaini mkononi," alisema Nyanjige, ambaye alikuwa anafukia shimo kwa jembe. "Majani yale, ukiyatwanga ukayaloweka usiku kucha, wadudu wanakimbia na mtu anakula mboga salama baada ya kuiosha. Wewe umeyachovya kwenye sumu. Ungeniuliza ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka jioni, halafu ningekufundisha. Baridi hii imetuletea wadudu wageni, hakuna atakayewaweza peke yake. Kuuliza hakujamuua mtu. Ona aibu ya kuuliza ilivyotaka kumchukua Shija."

Kisha akamgeukia Apolonia. "Nami nilisema 'watu'. Hakukuwa na watu. Nilikuwa mimi."

Apolonia aliitikia kwa kichwa, akamshika Elina bega ili waondoke. Ndani kwa jirani wachumaji walikuwa wameanza kula viazi vikavu vya michembe vilivyopikwa na karanga, na harufu yake ilifika hadi kwenye ua.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Nyanjige, akiweka jembe chini na kumwonyesha Elina mlango wake. "Nawa mikono kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Halafu ingieni mle."