Shamsa na Njia ya Wakimbiaji

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, Shamsa alisimama kando ya njia, viatu vya shule mkononi. Hakungoja sana. Wanafunzi wa chuo cha ualimu waliteremka wakikimbia, mbele yao Alen, kapteni wa timu ya riadha.

"Shikamoo, kaka Alen."

"Marahaba. Leo usituache nyuma," Alen alimtania, maana Shamsa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Alikimbia nao msituni hadi shuleni kwake. Mtoto hakuruhusiwa kupita msitu ule peke yake, na wenzake kadhaa wasioweza mbio walikuwa wamehamishiwa kwa ndugu zao wa mbali. Shamsa aliendelea kuishi nyumbani kwa sababu ya ile timu. Tena alipenda mbio kuliko chakula, jambo ambalo mama yake alilisema kwa masikitiko kila alipokuta ugali umepoa.

Alhamisi moja Mzee Faraji, mwenyekiti wa kitongoji, alimwita. Mvua za masika zilikuwa zimekula ukingo wa njia, na udongo ulikuwa ukiporomokea matuta ya kabichi yaliyokuwa chini yake.

"Jumamosi kuna msaragambo," alisema. "Kila anayeipita njia hii aje na jembe. Wewe unakimbia na wale wa chuo, waambie."

"Nitawaambia, babu."

Msaragambo ni kazi ya pamoja. Halipwi mtu, lakini asiyefika wala kutoa udhuru huonekana amewadharau wenzake. Shamsa alilijua hilo hata kabla ya kuanza shule. Ila alijua pia kwamba Jumamosi hiyohiyo timu ingeshuka Muheza kwenye mashindano. Akiwaambia, je, wakiamua kubaki kuchimba? Mazoezi yao yote yangekuwa kazi bure.

Ijumaa Alen alimuuliza habari za kitongojini.

"Nzuri tu," Shamsa akajibu, akaendelea kukimbia.

Timu ilirudi kutoka Muheza na kikombe, ikakuta wenyeji wamenuna. "Njia wanaitaka, jembe hawalitaki," watu walisema. Mzee Faraji alipanda chuoni kulalamika. Mwalimu Yusta, mkuu wa chuo, hakutaka ugomvi na majirani. Siku hiyohiyo alitangaza kwamba timu imevunjwa, na saa za mbio zitakuwa za kujisomea.

Asubuhi iliyofuata Shamsa alisimama njiani mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuteremka mtu. Akarudi nyumbani.

"Basi utahamia kwa shangazi yako kule Mnazi," mama yake alisema. "Utasoma huko."

Shamsa hakutaka kwenda Mnazi. Lakini lililomuuma zaidi ni Alen, aliyelaumiwa kwa mwaliko ambao hakuupata. Aliona aibu mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, kosa ni langu," alisema, akaeleza yote.

Mama hakumpiga wala hakumbembeleza. Alijifunga kanga yake vizuri. "Twende kwanza kwa aliyekutuma."

Mzee Faraji aliwasikiliza huku akipalilia karoti. Alipomaliza mstari wake, aliweka jembe chini, wakapanda wote watatu hadi chuoni. Pale, mbele ya Mwalimu Yusta na Alen, Shamsa alirudia maneno yake.

"Ungeniambia tu," Alen alisema. "Si wote tuliokwenda Muheza. Waliobaki wangekuja na majembe, na sisi tungeomba udhuru mapema."

Shamsa hakuwa amelifikiria hilo. "Nisamehe, kaka. Na babu pia anisamehe."

Mwalimu Yusta alimgeukia Mzee Faraji. "Mzee wangu, ulitaka timu ivunjwe?"

"Hata kidogo. Nilitaka majembe. Vijana hawa wakipita asubuhi, watoto wetu wanafika shule salama. Wasipopita, njia itabaki ya nyani."

"Basi nami nilifanya haraka," mwalimu alikiri. "Nilidhani wanakimbia kwa ajili ya vikombe tu."

Jumamosi iliyofuata msaragambo uliendelea, na timu nzima ilifika, pamoja na Mwalimu Yusta na jembe lake. Wakimbiaji walibeba mawe kutoka korongoni, wakajenga ukingo, wakapanda matete juu yake. Viganja vya Alen vilitoka malengelenge, na akina mama wakamuuliza kama kule Muheza hawafundishi kushika mpini. Alicheka, akaendelea kuchimba. Kazi ilipokwisha, Mwalimu Yusta alitangaza kwamba Jumatatu mazoezi yataanza tena.

Mzee Faraji alimwita Shamsa pembeni.

"Wahenga walisema mjumbe hauawi," alimwambia. "Hawakusema mjumbe achague lipi aseme na lipi ameze. Ukipewa neno la watu, lifikishe lote, nao wenyewe watajua la kufanya. Ulitaka kuilinda timu, na kimya chako nusura kiiue. Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Basi chukua ujumbe mwingine. Waambie wakimbiaji Jumatatu wasipite kwangu bila kunisalimia."

Alen alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akinawa mikono, na bila shaka alikuwa amesikia kila neno. Shamsa hakujali. Alimkimbilia, akampa ujumbe wote, neno kwa neno.