Kawa ya Tatu

Kamera ilikuwa imeng'olewa kwenye dirisha la jiko la skuli, kijijini Vitongoji, Pemba. Ukutani zilibaki skrubu mbili, zinaning'inia.

Inspekta Zubeir Matano alifika na tumbo lake, ambalo kwa kawaida huingia eneo la tukio kabla yake.

"Kamera yenyewe ikifanya kazi gani?"

"Inapiga picha sahani za wanafunzi," alijibu Mwalimu Mkuu Asma. "Inajua nani kala, nani kabakisha, halafu inatangaza kwa sauti. Wafadhili wanakuja kesho, Afande. Wasipoiona, chakula ndiyo basi. Watoto watashinda na njaa."

"Picha ya mwisho?"

Asma akafungua kompyuta. Giza tupu, na vijitundu vya mwanga vimepangana duara juu ya duara, vikichongoka kwenda juu.

"Fundi anasema imeharibika."

"Fundi wa wapi?"

"Dar."

"Ndiyo maana," alisema Zubeir, akaelekea jikoni. Asma akamfuata.

Mezani palikuwa na kawa tatu za ukindu, zimesukwa duara juu ya duara hadi kileleni, zimefunika chakula.

"Shikamoo, Bi Mwanawema."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mpishi. "Kaa ule kwanza. Mwizi hakimbii wali."

Akafunua kawa ya kwanza: wali wa nazi. Ya pili: mchuzi wa pweza. Ya tatu hakuigusa. Zubeir akala, jicho kwenye ile ya tatu.

"Na hiyo?"

"Haijaiva."

"Bi, tangu lini Pemba hii mgeni akafichwa chakula?"

Zubeir akaacha kula, akaifunua mwenyewe. Kamera! Taa yake bado inawaka.

"Umeiba wewe?"

"Sikuiba. Nimeifunika."

"Kwa nini?"

"Yumna," alisema. "Mtoto yule hula kama kifaranga. Kila siku mashine inapiga kelele, 'Yumna amebakisha!' Wenzake wanamcheka. Sasa haji kula kabisa, anajificha nyuma ya madarasa. Mtoto wa watu hahesabiwi matonge, Afande!"

"Na wafadhili wakiondoka?"

Bi Mwanawema akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hilo wallahi sikulifikiri."

Zubeir akakunja uso, tayari kumsomea kosa. Lakini kamera ilikuwa imeshaiona sahani yake.

"Mwanafunzi asiyejulikana amebakisha wali!"

Watoto waliojazana dirishani wakaangua kicheko. Masikio ya Inspekta yakawaka moto.

"Mwalimu," alisema polepole, "sauti ya kitu hiki inazimwa wapi?"

Asma akabonyeza kitufe cha nyuma. Kamera ikanyamaza, ikabaki kupiga picha zake tu. Zubeir akairudisha dirishani kwa mkono wake.

Bi Mwanawema alikuwa keshapakua kisahani kidogo. "Nani ataniitia Yumna?"

Inspekta akatoka mwenyewe, tumbo mbele, kwenda nyuma ya madarasa.