Mkono wa Pili wa Meghpur

Mkono wa chuma ulishika patasi, ukatulia kidogo kama fundi anayepima kwa jicho, kisha ukaanza kuchonga. Haukuwa na haraka. Mashine nyingine za karakana ile zingekata kipande kile cha jiwe laini kwa dakika tano na kuacha nakshi isiyo na kosa hata moja. Huu uligonga mara tatu, ukageuza kiganja, ukagonga mara mbili, ukasubiri kijibomba kipulize vumbi, ukaendelea. Ulichonga kama mtu, kwa sababu kila mwendo wake uliwahi kufanywa na mtu, zaidi ya miaka mia sita nyuma, katika mji wa Meghpur huko Gujarati, India.

Mashine hiyo iliitwa kisomapatasi. Aliyeibuni, mhandisi Riziki Semkiwa, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Muheza, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kulifikiria kwanza, hata akiulizwa kama anataka chai. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Kila pigo la patasi huacha kovu kwenye jiwe. Kovu lina kina, lina mwelekeo, lina kingo. Akili unde aliyoifunza kwa miaka saba ilisoma makovu hayo na kukokotoa kimo cha fundi, nguvu za bega lake, mahali aliposimama, na hata kama patasi ilikuwa imetoka kunolewa au ilikuwa imeanza kuchoka. Kisha mwendo huo ulipelekwa kwenye mkono wa chuma, au kwenye glavu-hisi, ambayo mtu aliivaa na kuachia vidole vyake viongozwe.

Mwaka huo wa 2094 kampuni ya Nuru Tatu ya Tanga, alikofanya kazi, ilikuwa ikiandaa mchezo wa video uitwao Kisima cha Meghpur. Ofisi zake zilikuwa Raskazone, katika jengo la ghorofa kumi na nane lililofumwa kwa nyuzi za mkonge, jepesi kiasi kwamba upepo mkali ulipovuma wafanyakazi waliusikia ukuta ukinong'ona. Katika mchezo huo mchezaji alikuwa fundi wa enzi za masultani wa Gujarati, akijenga kisima cha ngazi: jengo zima lililochimbwa kwenda chini, ghorofa baada ya ghorofa, ili watu washuke kivulini hadi kwenye maji. Kisima cha Meghpur kilikuwa na madirisha kumi na mawili ya jiwe lililotobolewa kwa nakshi za maua na matawi, membamba kama lesi. Watu wa mji ule walisimulia kwamba yote kumi na mawili yalichongwa na fundi mmoja, Devraj, kwa miaka tisa.

Pamoja na mchezo ingetoka riwaya ya picha, kwa Kiswahili, Kigujarati na lugha nyingine tano. Mchoraji wake alikuwa Mzee Harshad Vaghela, Mhindi wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na sita. Katika jengo lote yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anachora kwa wino na karatasi. Kila asubuhi alivaa glavu-hisi kwa nusu saa, akaachia mkono wake wa kulia uchonge hewa pamoja na Devraj, ndipo akakaa kuchora. Mikono katika kurasa zake ilikuwa hai. Vijana wa idara ya rangi walikuwa wakishuka ghorofa tatu kuja kuitazama tu.

"Huyu bwana alikuwa na raha kazini," aliwahi kumwambia Riziki, akivua glavu baada ya dirisha la nne. "Ona anavyomalizia jani. Pigo moja la ziada ambalo halina kazi. Anafanya kwa kuwa amefurahi."

Siku arobaini kabla ya mchezo kutoka, picha za uchunguzi za dirisha la kumi na mbili ziliwasili kutoka kwa washirika wa kampuni huko Ahmedabad, India. Ndilo lililosifiwa kuliko yote. Riziki aliziingiza kwenye kisomapatasi, akachagua sehemu ya katikati ya dirisha, Mzee Harshad akavaa glavu.

Alichonga hewa kwa dakika kumi, macho yakitazama nje ya jengo. Ghafla kifundo cha mkono wake kikasokotwa upande usiofaa. Akaguna.

"Simamisha, mwanangu."

Riziki akasimamisha. "Imekuumiza?"

"Si sana. Lakini huyu si yeye."

"Si yeye nani?"

"Si Devraj. Nimekaa naye miezi minane, namjua. Huyu ni mtu mwingine."

Riziki alidhani picha zina hitilafu. Aliziagiza upya, akazisoma upya, na siku ya tatu alikubali kile ambacho mzee alikuwa amekijua kwa mkono. Nusu ya juu ya dirisha ilikuwa ya Devraj. Nusu ya chini ilichongwa na mtu mwenye shoto, mfupi kuliko Devraj kwa shubiri moja, mwenye nguvu kidogo begani, aliyefuata nakshi ile ile kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba jicho la mtu lisingeona mpaka.

Hapo akarudi kwenye madirisha ya nyuma kutafuta sababu. Katika dirisha la kwanza Devraj aligonga wastani wa mapigo mia tatu kabla ya kunoa patasi. Katika la tisa, mia moja na ishirini. Katika la kumi na moja, arobaini. Riziki alimwonyesha Mzee Harshad mchoro wa hesabu hiyo, mstari ulioshuka kama mteremko.

"Hili silielewi," alisema. "Jiwe ni lile lile, patasi ni ile ile. Baada ya mapigo arobaini haijawa butu. Kwa nini anoe?"

Mzee aliutazama mstari ule. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Baba yangu alikuwa akikata marumaru hapa hapa mjini," alisema. "Mawe ya makaburi, ngazi za maduka. Miaka yake ya mwisho alikuwa akifanya hivi hivi. Anagonga kidogo, anakaa kunoa. Anagonga kidogo, anakaa kunoa. Mimi nikamwambia, baba, hiyo patasi inakata hata unywele. Akanikaripia. Alikuwa anatafuta pumzi, Riziki. Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa kifuani. Ukikaa bure, mwenye kazi anakuona umechoka. Ukikaa unanoa, unaonekana uko kazini."

Kwa miaka saba Riziki alikuwa amesoma nguvu za mabega na mizunguko ya viganja, na hakuwahi kufikiria kwamba mashine yake ilikuwa pia ikisoma kifua.

Walikwenda pamoja kwa mkurugenzi, Bi. Leonsia Kimaro. Yeye ndiye aliyeanzisha Nuru Tatu akiwa na kompyuta mbili na ndiye aliyemwamini Riziki wakati vyuo viwili vilikuwa vimemkatalia. Aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza.

"Je, haiwezekani mtu alilitengeneza dirisha miaka mingi baadaye?" aliuliza.

"Hapana, mkurugenzi. Makovu yana umri mmoja. Na patasi ni moja. Ina pengo dogo kwenye makali, linaacha mstari kama unywele. Mstari huo upo dirisha la kumi na moja, upo nusu ya juu ya la kumi na mbili, na upo nusu ya chini."

"Jina la huyo wa pili?"

"Jiwe halisemi jina."

Bi. Leonsia alisugua paji la uso. "Hatua ya mwisho ya mchezo ni Devraj anamaliza dirisha, watu wa mji wanashuka kumpongeza. Wachezaji watakuwa wamechonga naye saa sitini. Sasa niwaambie shujaa wao aliishiwa pumzi nusu ya njia, na kazi ikamaliziwa na mtu tusiyemjua? Mzee wangu, watu hununua mchezo ili washinde."

"Naelewa," alisema Mzee Harshad. "Lakini jiwe la mwisho la baba yangu, jiwe la kaburi la mke wa mwalimu mmoja, herufi nne za mwisho nilizichonga mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Watu wakaja, wakasema, Vaghela bado ana mkono. Baba akaitikia, nami nikamwacha aitikie. Sikuona ubaya wowote. Ila kama leo mtu angekuja na mashine akazisoma zile herufi, akaziona ni zangu, kisha akazifuta kwa sababu haziendi na hadithi yake..."

Mkurugenzi aliinuka. "Nipeni hiyo glavu."

Riziki aliigeuza mipangilio kwa mkono wa kushoto. Bi. Leonsia alisimama katikati ya ofisi, viatu amevua, mkono wake wa kushoto ukichonga hewa mapigo madogo madogo yenye tahadhari. Alichonga kwa robo saa. Alipovua glavu alikaa kwenye kiti cha wageni, si kwenye kiti chake.

"Anaogopa kuharibu," alisema. "Kila pigo. Na bado anaendelea." Kisha akasema, "Badilisheni. Nitazungumza na wenzetu wa Ahmedabad mimi mwenyewe."

Zilifuata wiki tano za kazi ambayo watu wa Nuru Tatu waliizungumzia kwa muda mrefu baadaye. Waandishi walifuta hatua ya mwisho na kuiandika upya. Riziki alilisoma dirisha la kumi na mbili pigo kwa pigo, na katika kusoma huko akakutana na jambo la ajabu: mwenye shoto hakupumzika kunoa. Aligonga mapigo mia mbili, mia tatu mfululizo, na patasi yake ilikuwa kali wakati wote. Mtu hawezi kuchonga na kunoa kwa wakati mmoja. Alipochunguza makali yenyewe aliona yamelazwa kidogo upande wa kulia, kama yalivyolazwa tangu dirisha la kwanza, alama ya namna Devraj alivyonoa.

Alimpigia Mzee Harshad. "Devraj alikuwepo," alimwambia. "Alikuwa amekaa pembeni, anamnolea."

"Zilikuwa patasi mbili basi," alisema mzee. "Moja mkononi, moja kwenye jiwe la kunolea."

"Ndiyo. Ya pili haina pengo. Zinapokezana hadi chini."

"Hadi mwisho?"

Riziki alichelewa kujibu, na safari hii haikuwa tabia yake tu. "Hadi ua moja kabla ya mwisho. Ua la mwisho limechongwa na patasi ile yenye pengo peke yake. Imeanza kali na imemaliza butu. Haikunolewa tena."

Mzee Harshad alifika karakana saa moja baadaye. Hakuvaa glavu. Aliomba mkono wa chuma uchonge lile ua tu, na wakasimama wote wawili kulitazama likitokea kwenye jiwe laini. Petali za kwanza zilitoka safi. Baadaye kila pigo lilihitaji nguvu zaidi ya lililotangulia, kingo zikawa na mikwaruzo, lakini umbo halikupotea. Petali ya nane ilichukua muda mrefu kuliko tatu za mwanzo zikijumlishwa. Kisha mkono ukarudi nyuma na kusimama.

Kurasa nne za mwisho alizichora kwa siku sita. Swali la uso lilimsumbua, kwa kuwa hakuna aliyejua kama mkono wa pili ulikuwa wa mke, binti, ndugu au jirani. Mwishowe alimchora akiwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, yakabaki macho tu. Riziki alipomwambia kwamba kisomapatasi hakikuonyesha kitambaa, mzee alisema ni kweli, ila mtu aliyekaa karibu na Devraj miezi ile yote lazima alijifunza kujikinga. Katika ukurasa wa mwisho fundi huyo anachonga ua, petali moja imebaki, na kwenye ngazi nyuma yake kuna jiwe la kunolea lililokauka, bila mtu kando yake. Bi. Leonsia alitaka maneno machache chini ya picha. Mzee akakataa, na mkurugenzi akamwachia.

Mchezo ulipotoka, glavu za wachezaji zilikuwa nzito katika ua la mwisho, kama Riziki alivyoagiza. Palikuwa na kitufe cha kuliruka. Waliolichonga hadi mwisho walikuwa wengi kuliko kampuni ilivyotarajia, na wengi wao waliandika barua kuuliza swali moja: alikuwa nani? Riziki alijibu kila barua mwenyewe. Aliandika kwamba hajui jina wala sura. Anachojua ni kwamba alikuwa na shoto, alikuwa mfupi kuliko Devraj kwa shubiri moja, na alibaki kisimani akachonga petali nane bila mtu wa kumnolea.