Bonde Alikozaliwa Bibi

Kila alasiri, baada ya kuosha vyombo, Kidoti alikaa barazani na kikopo cha maji, brashi moja na kisanduku cha rangi za maji. Jina hilo alipewa kwa ajili ya alama ndogo nyeusi shavuni. Hakuna aliyemfundisha kuchora. Alijifunza kwa kuharibu karatasi. Ndivyo alivyojua kwamba mbingu hupakwa kwanza, karatasi ikiwa imelowa, na kwamba miti ya karibu husubiri mpaka milima ya mbali ikauke.

"Mjukuu wangu," Bibi alimwambia siku moja, "nichoree bonde letu nilikozaliwa."

Bonde hilo halikuwapo tena. Bwawa lilipojengwa, maji yalilifunika lote, na hakuna aliyewahi kulipiga picha. Bibi akaanza kusimulia. Kidoti aliitikia "ehee, ehee," lakini masikio yake yalikuwa kwa wenzake waliokuwa wakiruka kamba nje. Bibi alipoingia kujinyoosha, Kidoti alinakili bonde lililokuwa kwenye kalenda ya ukutani, kisha akatoka mbio kucheza.

Jioni Bibi aliisogeza picha karibu na macho.

"Imependeza," alisema polepole. "Ila nilidhani mto ulipita nyuma ya nyumba yetu. Kumbe ulipita mbele? Basi uzee umenila. Hata kwetu nimekusahau!"

Maneno hayo yalimchoma Kidoti moyoni. Akapiga magoti.

"Bibi, hujasahau. Mimi ndiye sikukusikiliza. Hilo ni bonde la kwenye kalenda."

Bibi akamtazama, kisha akaguna. "Loo! Ulitaka kunihamisha kwetu bila hata kufunga mizigo!"

Kesho yake walikaa pamoja. Kidoti aliuliza, Bibi akajibu. Mlima ulikuwa kama ng'ombe aliyelala. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa. Kidoti akalowesha karatasi, akapaka samawati hafifu, akaiweka brashi chini.

"Mbona umeacha?"

"Nasubiri ikauke, Bibi. Nikiharakisha itakuwa tope."

Alipofikia nyumba, tone la maji likadondoka juu ya paa. Rangi ikatawanyika.

"Nimeharibu!"

"Usiguse!" Bibi alimshika mkono. "Huo ni moshi wa jikoni. Mama yangu ameshaamka."

Machozi yalimlenga Bibi, naye alikuwa akitabasamu.

"Mkono wako ulikuwa hodari hata jana," alisema. "Lakini ufundi usio na ukweli ulinipoteza njia. Ulipokiri kosa na kutulia kufanya kazi, umenifikisha nyumbani. Shika hilo, mjukuu wangu, katika kila utakalofanya."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya, sasa nichoree njia ya mtoni," Bibi alisema akivuta kiti karibu. "Ilikuwa na utelezi, na mimi nilikuwa sisikii nikikatazwa kukimbia."

Kidoti akacheka, akachovya brashi.