Wekulo na Mpaka wa Mlimani

"Nerima, chai ya wageni isipoe. Leo ndiyo leo!" Wekulo alisema huku akinyoosha tai yake mbele ya kioo.

"Hata siku uliyonichumbia hukuvaa tai."

"Siku ile nilikuwa nakutaka wewe peke yako. Leo naitaka nchi nzima."

Nerima akacheka. Ndivyo alivyokuwa Wekulo, maneno matamu hadi unasahau ulichotaka kumuuliza. Ilikuwa mwaka wa 1980, Makongeni, katika nyumba ya wafanyakazi wa reli alimoishi Lusweti, kaka yake Nerima. Viti vya majirani vilikuwa vimeazimwa tangu asubuhi. Ndoa ya Nerima na Wekulo ilikwisha kutangazwa kanisani Jumapili mbili, ilibaki moja tu. Miaka minne dada wa watu alikuwa amengoja, na kila akitaja harusi jibu lilikuwa lile lile: "Subiri kwanza niwaunganishe watu wetu."

Watu wenyewe ni Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda, ndugu wanaouzunguka Mlima Elgon. Mzungu alikuja akapitisha mpaka katikati yao. Wekulo na wenzake walitaka wazee wa pande zote mbili wapeleke ombi kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, mpaka usogezwe, ndugu wote wawe nchi moja. Bila bunduki, kwa mazungumzo tu. Basi kila mwisho wa mwezi Wekulo alivuka mpaka pale Malaba kwenda "kuonana na wazee". Nerima naye alimfungia chapati za njiani, maskini.

"Shemeji," Lusweti alimtania, "serikali hizi mbili kweli zitapeana vijiji kama majirani wanavyopeana chumvi?"

"Serikali ni watu, Lusweti. Na watu ni damu."

"Haya. Usitufungishe jela tu."

Hodi ikapigwa. Aliyetangulia kuingia ni Mzee Mudoma, kiongozi wa wageni kutoka Mbale, Uganda.

"Mwenzetu mmoja ameugua," alisema. "Tumemleta kiongozi wa akina mama badala yake. Mama Khainza, karibu ndani."

Wekulo alikuwa amekwisha simama, mkono mbele, hotuba mdomoni.

"Wazee wangu, sisi ni damu mo..."

Haikuisha. Alimwona yule mama, akaruka nyuma ya pazia la jikoni, kikombe kikaanguka na kuvunjika. Mama Khainza naye alijifunika kanga usoni, akageukia ukutani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa Wabukusu na Wagisu, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake wala hampi mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Makongeni hakuna kichaka, kwa hiyo Wekulo aliingia jikoni.

"Mama, yule ni nani wako?" Mzee Mudoma aliuliza.

"Mnaniuliza nini na mmeona wenyewe? Si mkwe wangu? Ndiye aliyemwoa binti yangu Perez. Ng'ombe wake tulikula."

Siku za mwizi ni arobaini! Nerima aliweka birika chini, akapita nyuma ya pazia. Wekulo alikuwa amechuchumaa kando ya gunia la makaa, tai imejaa masizi.

"Toka."

"Siwezi kutoka akiwa pale, Nerima. Ni mwiko."

"Mwiko? Na kunidanganya miaka minne haikuwa mwiko?"

"Nisikilize. Nilikuwa nawapigania nyinyi nyote. Mpaka ungeondoka mngekuwa nchi moja, wewe na Perez. Ningewatunza wote bila kuhangaika na maaskari wa Malaba."

"Kumbe! Nchi mbili zikae mezani ili wewe usichoke njiani?"

"Nakupenda."

"Mimi pia nilikupenda, Wekulo. Ndiyo maana inaniuma hivi."

Akalia, na hakuficha. Aliporudi sebuleni akifuta macho kwa leso, Lusweti alikuwa tayari anakunja mikono ya shati.

"Niachie mimi huyo."

"Kaa chini, kaka. Hii ni yangu."

Akachuchumaa kando ya yule mgeni.

"Mama, samahani. Mimi pia alinichumbia. Tumetangazwa kanisani mara mbili."

Mama Khainza aliitoa kanga usoni, akamshika mkono.

"Uwii, mwanangu! Sisi hatukujua."

"Perez ana watoto?"

"Wawili. Wa kwanza mvulana. Wa pili ni msichana, ana mwaka mmoja. Huyo baba yake mwenyewe ndiye aliyemchagulia jina. Alituambia ni la marehemu nyanya yake."

"Anaitwa nani?"

"Nerima. Na wewe, binti yangu, jina lako nani?"

Nerima alimgeukia kaka yake. Lusweti ndiye aliyelitaja jina hilo, kwa sauti ndogo, na yule mama akaanza kulia.

Nerima aliinuka, akarudi jikoni, akafungua mlango wa nyuma.

"Wekulo, pitia huku. Mama mkwe wako hatakuona."

"Nerima, tuongee kwanza. Jumapili kanisani..."

"Jumapili hakuna. Jina langu liko Mbale, lina mwaka mmoja. Nenda ukalilee."