Paka wa Leonie na Mashine ya Kukimbilia

Yaliyompata rafiki yangu Leonie, hapa mjini Launceston, mpaka leo hapendi kuyasimulia. Alikuwa na mashine ya mazoezi ya kukimbilia katika gereji ya nyumbani kwake, na paka wake Tapi hakutaka kulala kwingine ila chini yake. Mkanda wake unaozunguka ulishamkata paka ncha ya mkia. Leonie aliweka wavu, paka akauruka. Akawa anafunga mlango, mumewe Garth akawa anausahau wazi.

“Garth, nikuambie mara ngapi? Paka yuko humo tena!” alifoka alasiri moja ya mvua, umeme ukiwa umekatika.

“Mke wangu, umeme wenyewe hakuna! Hiyo mashine itamla vipi?”

Kabla Leonie hajamjibu, wote wawili wakasikia mkanda ukizunguka gerejini, na juu yake nyayo zikitembea taratibu, nzito, kama za mtu asiye na viatu.

Leonie alikuwa amechoshwa na yote. Kwa hasira akausukuma mlango. Gereji haikuwa na dirisha, giza totoro. Nyayo zikasimama. Akamulika kwa simu: plagi ya mashine ilikuwa sakafuni, imechomolewa, mkanda umetulia.

“Tapi! Toka huko, mkaidi we!”

Paka alikuwa juu ya friji, mzima, akikoroma kwa raha. Hakumtazama Leonie. Alikuwa ameinua kidevu, na manyoya ya mgongo wake yalikuwa yakilala, kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha tena kuanzia shingoni, polepole, kama yanavyolala chini ya kiganja cha mtu anayempapasa.